Namna ya Kutengeneza Tangazo Linalokaa Akilini mwa Mteja

Kuna misemo miwili ya Kiswahili ambayo kwa juu juu inavutana. Mmoja unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine, ambao wafanyabiashara huupenda zaidi, unasema biashara matangazo. Anayeanza biashara mara nyingi huushika mmoja na kuuacha mwingine: ama hutengeneza kitu kizuri kisha akakaa nacho kimya akingoja watu wakigundue wenyewe, ama humalizia mtaji wake katika kukinadi kitu ambacho bado hakijawa tayari. Kwa maoni yangu misemo hiyo haipingani hata kidogo, kwa sababu kila mmoja unazungumzia safari tofauti ya mteja. Tangazo ndilo linalomleta mara ya kwanza, na ubora wa bidhaa ndio unaomrudisha mara ya pili. Mwongozo huu unahusu ile mara ya kwanza: namna ya kuandaa tangazo ambalo akili ya binadamu italipokea, italihifadhi na italikumbuka siku haja itakapotokea, bila kumdanganya mtu yeyote.

Tangazo hufanya nini akilini

Ni vyema kwanza kuondoa dhana moja ya zamani. Mwaka 1957 mtafiti wa masoko wa Marekani aitwaye James Vicary alidai kwamba katika ukumbi mmoja wa sinema huko Fort Lee, New Jersey, alikuwa akipitisha maneno kwenye skrini kwa kasi kubwa kiasi kwamba watazamaji hawakutambua kuwa wameyaona. Maneno hayo yaliwahimiza wale bisi na wanywe Coca-Cola, na kwa mujibu wake mauzo ya bisi yalipanda kwa asilimia 57.5 na ya kinywaji kwa asilimia 18.1. Habari hiyo iliwatia watu hofu kwamba akili zao zinaweza kuendeshwa wasijue. Mwaka 1962 Vicary mwenyewe alikiri kwamba takwimu alizokuwa nazo zilikuwa chache mno kuthibitisha chochote. Hata hivyo simulizi yake bado inaishi, na wapo wanaouza mafunzo ya siri za kuiteka akili ya mteja kwa kuegemea imani hiyo hiyo. Fedha ya mafunzo hayo afadhali uitumie kuboresha bidhaa yako.

Kinachotokea hasa ni cha kawaida zaidi, na huchukua muda. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha majaribio ambayo ndani yake watu walionyeshwa maneno yasiyo na maana, alama zilizofanana na maandishi ya Kichina, na picha za nyuso za watu wasiowafahamu. Baadhi ya vitu hivyo walivipitia mara moja au mbili tu, na vingine hadi mara 25. Walipoombwa baadaye kueleza hisia zao, walivielekea kwa wema zaidi vile walivyokutana navyo mara nyingi, ingawa hakuna aliyewaambia neno lolote jema kuvihusu. Mazoea peke yake yalitosha. Hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya nguvu ya tangazo: mteja anaposimama mbele ya bidhaa mbili ambazo hana muda wa kuzichunguza, mkono wake huelekea kwenye jina alilowahi kulisikia, kwa kuwa jina geni humtia mashaka na jina alilolizoea humtuliza.

Mazoea hayo hata hubadilisha namna mtu anavyoionja bidhaa yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanasayansi huko Houston, Marekani, waliwapa watu Coca-Cola na Pepsi huku wakipiga picha za shughuli za ubongo wao. Walipokunywa bila kujua ni kipi, waonjaji waligawanyika. Walipojulishwa kwamba wanachokunywa ni Coca-Cola, mapendeleo yao yalisogea kuielekea, na sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu zikaonyesha shughuli zaidi. Kinywaji hakikubadilika; kilichoongezeka ni yale yote ambayo jina hilo lilikuwa limejaza vichwani mwao kwa miaka mingi.

Tangazo, kwa hiyo, halimwamrishi mtu bali humwekea kumbukumbu. Anayelitegemea liamrishe atakata tamaa mapema, atalisimamisha baada ya wiki mbili na kusema matangazo hayafanyi kazi, wakati kumbukumbu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kushika.

Anza na siku ya haja

Kabla ya kuandika neno lolote au kumwita mchoraji, chukua karatasi uandike ni siku gani, saa gani na katika hali gani mtu huhitaji kitu unachokiuza. Wengi huanza na bidhaa yenyewe, na ndiyo maana matangazo yao hujaa sifa zisizomgusa mtu. Chukua mfano wa mtu anayeshona sare za shule. Haja ya mteja wake haizaliwi anapoliona tangazo. Huzaliwa mtoto anapopata nafasi katika shule mpya, sare ya zamani inapopasuka goti, au mzazi anapogundua kwamba suruali ya mwaka jana imekuwa fupi. Hizo ndizo nyakati tatu ambazo jina la fundi huyo linapaswa kuruka kichwani mwa mzazi, na tangazo linapaswa kulifunga jina na nyakati hizo kwa maneno na kwa picha: goti lililopasuka, suruali iliyopanda juu ya kifundo cha mguu, kisha jina na mahali pa kumpata.

Ukishaziandika nyakati hizo, nenda ukawaulize wateja watano au sita ulio nao ilikuwaje siku ile wakakujia, nini kilitangulia, na walikuwa wamefikiria kwenda wapi kabla ya kwako. Sikiliza maneno wanayotumia wao. Ukisikia watatu wameeleza shida ile ile kwa neno lile lile, hilo ndilo neno la kuweka kwenye tangazo, hata kama wewe una neno la kitaalamu unaloliona zuri zaidi. Mazungumzo hayo hayahitaji fedha, nami nayahesabu kuwa hatua yenye thamani kubwa kuliko zote zitakazofuata.

Chagua jambo moja

Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha kwamba katika orodha ya vitu vinavyofanana, kile kimoja kilicho tofauti na wenzake ndicho kinachokumbukwa zaidi. Tangazo linalotaja ubora, bei nafuu, uzoefu wa miaka mingi, huduma ya haraka na wafanyakazi wachangamfu limejitengenezea orodha ambayo hakuna kinachojitokeza ndani yake. Ubaya wake mwingine ni kwamba washindani wako nao wanaandika hayo hayo, kwa hiyo unalipia tangazo ambalo lingeweza kubeba jina la yeyote kati yao.

Pengine utasema kwamba bidhaa yako haina cha kuitofautisha. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani aliyefanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, alikutana na shaka hiyo alipopewa kazi na kiwanda cha bia cha Schlitz. Alikizungukia kiwanda, akaona jinsi chupa zinavyosafishwa kwa mvuke na jinsi hewa inavyochujwa, akauliza kwa nini wateja hawaelezwi mambo hayo. Aliambiwa kwamba viwanda vyote vinafanya vivyo hivyo. Yeye aliona kwamba hakuna kiwanda kilichowahi kusema, akaandika, na biashara ikapanda sana. Hila haikuwapo, maana kila neno lilikuwa kweli. Zunguka nawe katika kazi yako kama mgeni: orodhesha kila unachokifanya ambacho mteja hakioni, kisha uchague kile ambacho angefurahi kukijua.

Jambo hilo moja linaweza hata kuwa upungufu. Mwaka 1962 kampuni ya kukodisha magari ya Avis, iliyokuwa ikipata hasara, ilianza kutangaza waziwazi kwamba yenyewe ni ya pili tu sokoni na kwamba kwa sababu hiyo inalazimika kujitahidi zaidi. Ndani ya muda mfupi hasara iligeuka faida. Anayekiri upungufu wake huaminiwa zaidi anapozitaja nguvu zake, ilimradi upungufu huo usiwe ule unaoharibu kile kile ambacho mteja amekifuata. Fundi anaweza kukiri kwamba hukawia kwa sababu hushona kila mshono mara mbili, lakini hawezi kukiri kwamba mishono yake huachia.

Mteja ana muda gani wa kufikiri

Si kila tangazo linapaswa kueleza sana, wala si kila tangazo linapaswa kuwa fupi. Mwaka 1983 watafiti Richard Petty, John Cacioppo na David Schumann walichapisha jaribio lililotumia tangazo la nyembe za kunyolea. Kundi moja la washiriki lilijua kwamba mwishoni litachagua wembe wa kuchukua, kwa hiyo lilikuwa na sababu ya kusoma kwa makini. Kundi jingine halikuwa na sababu hiyo. Kwa waliokuwa na sababu, uzito wa hoja ndio uliobadilisha maoni yao, na kuwapo kwa wanamichezo maarufu hakukulisaidia tangazo lililokuwa na hoja dhaifu. Kwa wale wengine, sura za watu maarufu zilikuwa na athari.

Matumizi yake kwako ni haya. Ikiwa unauza kitu cha gharama kubwa, au kitu ambacho kosa lake humuumiza mnunuzi, kama vile kiwanja, mashine au masomo, mpe mteja maelezo kamili, vipimo, masharti na majibu ya maswali yake magumu, na usiogope urefu, kwa sababu anayehusika na jambo hilo atasoma hadi mwisho. Ikiwa unauza kitu kidogo kinachonunuliwa bila kufikiri sana, weka nguvu katika jina, rangi, sauti na picha. Wengi hukosea kinyumenyume: hutumia fedha nyingi kumleta msanii maarufu atangaze kitu ambacho mnunuzi wake anataka kuona hesabu.

Ushuhuda wa watu wengine husaidia katika hali zote mbili, hasa wa watu wanaofanana na mteja mwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu hoteli nchini Marekani, kibao kilichowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja kwa ajili ya mazingira kilifuatwa na takriban asilimia 35, na kilichowaambia kwamba wageni wengi wenzao hufanya hivyo kilifuatwa na takriban asilimia 44. Ushuhuda utakaoutumia uwe wa mtu halisi aliyekubali kutajwa. Ushuhuda wa kutunga ni uongo hata kama maneno yake yangeweza kusemwa na mteja wa kweli.

Kurudia

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba kumbukumbu humomonyoka kwa kasi mwanzoni, kiasi kwamba baada ya siku moja alikuwa amebakiwa na takriban theluthi moja ya alichokuwa amejifunza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Aligundua pia kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi kati yao hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Ukiwa na fedha za matangazo kumi, usiyamalize yote katika siku mbili. Yatandaze kwa wiki kadhaa, isipokuwa kama unachokitangaza ni tukio la siku moja.

Katika kurudia huko, usibadilishe sura. Jina liandikwe vile vile, rangi ziwe zile zile, nembo ikae mahali pale pale, na kama unatumia redio, sauti na wimbo wa tangazo visibadilike kila mwezi. Mwenye biashara huchoka na tangazo lake upesi kwa sababu amelitazama tangu lilipokuwa wazo, ilhali mteja huenda amelisikia mara mbili tu, tena akiwa anafanya jambo jingine. Uchovu wako usiwe sababu ya kulibadilisha. Sababu ziwe mbili: vipimo vinaonyesha kwamba haliwavuti tena watu, au wateja wenyewe wameanza kulalamika kwamba linawakera. Hata hapo, badilisha mfano na maneno ya pembeni, uliache jambo moja ulilolichagua mwanzoni liendelee kusikika.

Dhamana inayokuja na nguvu hiyo

Nguvu ile ile inayomfanya mteja azoee jina ndiyo inayomfanya auzoee uongo, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Mwaka 1977 watafiti Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwasomea wanafunzi sentensi za habari, baadhi za kweli na baadhi za uongo, katika vikao vitatu vilivyoachana kwa wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa kikao baada ya kikao, na za uongo zilinufaika na kurudiwa kama zile za kweli.

Athari hiyo inaweza kudumu kwa vizazi. Dawa ya kusukutulia mdomo ya Listerine ilitangazwa nchini Marekani tangu mwaka 1921 kuwa inasaidia dhidi ya mafua na maumivu ya koo. Mwaka 1975 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo iliamuru kampuni iliyoitengeneza itangaze, katika matangazo yake ya thamani ya takriban dola milioni 10, kwamba dawa hiyo haizuii mafua, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ilikubaliana na msingi wa amri hiyo. Baada ya marekebisho hayo yote bado walikuwapo wengi walioendelea kuamini dai la zamani. Yule aliyelala na homa akaisukutua dawa hiyo badala ya kutafuta tiba inayofaa hakuwa mjinga. Aliamini alichoambiwa tangu utotoni.

Basi kabla tangazo halijatoka, lipitie neno kwa neno na ujiulize kama unaweza kulithibitisha kila dai mbele ya mteja aliyekasirika. Lisilothibitika lifute. Angalia pia maana inayojengeka bila kutamkwa: picha ya mtu aliyevaa koti la daktari ni dai, hata kama hakuna neno la tiba lililoandikwa, na neno “hadi” mbele ya punguzo kubwa la bei ni udanganyifu iwapo bidhaa yenye punguzo hilo ni moja tu. Vivyo hivyo kwa haraka ya bandia: ukiandika kwamba ofa inakwisha Ijumaa, ikwishe Ijumaa.

Watoto wana haki ya ziada. Mtoto aliye chini ya miaka 8 kwa kawaida hawezi kutambua kwamba tangazo limetengenezwa kwa nia ya kumshawishi. Hulipokea kama habari tu. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga walio chini ya miaka 13 mwaka 1980, na Sweden ilizuia matangazo ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12 mwaka 1991. Hata pale sheria isipokuzuia, zungumza na mzazi. Yeye ndiye mwenye fedha na mwenye uwezo wa kukataa.

Pima, usikisie

Mambo ya akilini hayaonekani, lakini matokeo yake huhesabika. Fungua daftari, na kila mteja mpya aulizwe swali moja tu: umetusikia wapi? Kila njia ya tangazo ipewe alama yake, kwa mfano namba tofauti ya simu kwenye bango, au neno fulani ambalo msikilizaji wa redio akilitaja hupewa huduma ya ziada. Hopkins alitumia kuponi zilizochapwa ndani ya matangazo kwa kazi hiyo hiyo, akilinganisha kichwa kimoja cha habari na kingine kwa kuhesabu kuponi zilizorudi. Nawe unaweza kuandaa matangazo mawili yaliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, ukayapeleka kwa makundi mawili yanayofanana, kisha ukahesabu. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu hutajua ni lipi lililofanya kazi.

Jihadhari na kulinganisha kabla na baada bila kuangalia majira. Fundi wa sare akitangaza wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mauzo yatapanda hata kama tangazo lake ni baya. Mlinganisho wa haki ni wa majira hayo hayo ya mwaka uliopita, au wa eneo lililopata tangazo na eneo jirani lisilolipata.

Kisha fanya hesabu ya gharama ya kumpata mteja mmoja. Tuseme umetumia 60,000 na umepata wateja wapya 20. Kila mmoja amekugharimu 3,000. Ikiwa faida yako katika kila ununuzi ni 1,000, mara ya kwanza umepata hasara ya 2,000 kwa kila mtu, na anayerudi hadi mara ya tatu amerudisha gharama yake tu bila kukuachia kitu. Faida huanza na ununuzi wa nne. Kwa hiyo kabla ya kuongeza fedha za matangazo, hesabu ni wangapi kati ya wale 20 walirudi. Wakiwa wachache, tangazo limefanya kazi yake na bidhaa haijafanya yake. Simamisha matangazo, wapigie simu wasiorudi, uwaulize kilichowakera, na ukirekebishe kabla ya kumwalika mtu mwingine yeyote.